Gramu Mia Mbili na Hamsini

Mwaka ule mji wa Gyumri haukuwa na taa.
Tuliishi ndani ya kontena la bati, mimi, mama na bibi Haykanush,
mji umelala kifudifudi tangu tetemeko,
na baridi iliingia bila hodi, ikakaa, ikajifanya mwenyeji.

Kila kichwa, gramu mia mbili na hamsini.
Soghomon wa duka la mkate hakuwa mkatili;
alikata kwa makini kama fundi akataye ngozi ya kiatu,
na chembe zilizobaki ubaoni akazifagilia kwenye kikombe.
Za nani, hatukuuliza.

Jikoni tulichoma alivyoacha babu:
kwanza fremu za madirisha,
kisha viatu, mguu mmoja kwa usiku,
kisha kamusi ya Kirusi, kuanzia herufi ya mwisho.
(Maneno ya mwanzo, alisema bibi, huenda tukayahitaji.)

Ndipo angeuweka mkate mezani, apige ishara ya msalaba,
asali sala ambayo kanisani sijaisikia:
"Bwana, hiki ni kidogo.
Wewe unajua ni kidogo, nami sitakudanganya mbele ya mtoto.
Asante."
Basi. Amina ikatoka pamoja na mvuke.

Nilikuwa na miaka tisa, na njaa haina adabu.
Nikauliza: Mungu gani huyu anayeazima mizani ya Soghomon?
Mama akainua kiganja. Bibi akakishusha.
"Mwache. Daudi naye aliuliza,
wala hakulazwa njaa kwa kuuliza."

Baba alikuwa Urusi, akitafuta kazi.
Barua yake ya mwisho ilifika kabla aprikoti hazijaiva.
Lakini jina lake lilikuwamo bado katika daftari la mkate,
na kila asubuhi tulipewa vipande vinne, watu watatu.
Kile cha nne tulikigawana bila kutazamana.

Hadi Jumatano moja ya Kwaresima
bibi akavaa koti la babu, akanishika mkono,
akapanga foleni saa tatu nzima katika theluji,
na alipofika mbele akasema, hadi wa nyuma wakasikia:
"Futa jina la Vardges. Hayupo. Sisi tu watatu."
Soghomon akamtazama. Foleni ikamtazama.
Wino ulikuwa umeganda;
ikabidi aipulizie kalamu pumzi ndipo ifute.

Nililia njia nzima. Nikamwambia, umetuibia.
"Wiki ngapi nimesema asante," akajibu,
"na neno linanikwama hapa," akashika koo,
"kama mwiba wa samaki.
Njaa naijua, tumezoeana.
Shukrani isiyoshuka siiwezi."

Usiku ule hapakuwa na muujiza.
Hakuna aliyebisha na gunia la unga begani.
Kunguru hawakuja. Baba hakuandika.
Tulikula vipande vitatu, polepole, kama watu wanaosoma,
na bibi aliposema asante
nilisikia neno likishuka
kama ndoo kisimani, likishuka,
mpaka likagusa maji.

Sikumsamehe usiku ule. Nilimsamehe baadaye,
sikumbuki lini; labda nilipomwosha miguu, mwaka aliokufa.

Sasa nakaa Marseille. Nina swichi ukutani.
Duka la chini lina mikate ya aina sita, na ya jana hutupwa.
Lakini mkono wangu bado hupima kipande kabla ya kinywa,
wala haukosei hata kwa gramu tano.
Nami nasali sala niliyorithi, neno moja nimeligeuza:
Bwana, hiki ni kingi.
Wewe unajua ni kingi.
Asante.
Kisha natulia, nasikiliza kooni.

Kuna siku linashuka.